Maji ya Nipepe na sado yangu ya unga: maisha ya Mwenyeheri Irene Stefani



Leo nawaletea maisha ya sista mmoja aliyefariki miaka mingi kabla bibi yangu hajazaliwa. Ila nikianza moja kwa moja na yeye mtasema hizi ni zile habari za watakatifu za kusoma na kupita. Kwa hiyo naanza na sufuria yangu, halafu tutafika kwake.

Mimi ni mtoto wa Mbeya, nimekulia Uyole. Kwetu viazi na maharage vilikuwa vitu vya kila siku, hata sikumbuki kama niliwahi kuvishukuru kwa moyo. Nikaja Iringa kusoma chuo. Mwaka wa pili, kipindi cha mvua, bumu likachelewa. Waliopita huko wanaelewa. Wiki ya kwanza unacheka na wenzako, wiki ya pili unaanza kukopa, wiki ya tatu hakuna wa kumkopa maana wote mmechacha.

Mama alikuwa amenitumia kifurushi kwenye basi la kutoka Mbeya, na nikabaki na unga kama sado moja na maharage kidogo. Nikaanza kupima unga kwa kikombe. Kikombe kimoja mchana, nusu usiku. Jioni napiga hesabu: nikienda hivi nitafika Jumapili, nikibana zaidi nitafika Jumatano.

Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, alikuwa anakaa mdogo wetu wa mwaka wa kwanza. Alikuwa mgeni, hana ndugu mjini, na wiki ile alikuwa anaumwa. Nilimsikia akikohoa usiku. Nilijua hajapika siku mbili, kwa sababu jiko lake lilikuwa koridoni na halikuguswa.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilipokuwa napika nilifunga mlango, nikasukumia kanga chini ya mlango ili harufu ya maharage isitoke. Kisha nikapiga ishara ya msalaba, nikamshukuru Mungu kwa chakula, nikala.

Nimeliungama hilo kwa padri na nimesamehewa. Nawaambia ninyi kwa sababu nyingine, na mtaiona.

Hija ya Tosamaganga

Jumamosi ile TMCS tulikuwa na hija ndogo kwenda Tosamaganga. Nilienda kwa sababu tuliambiwa kutakuwa na chakula cha mchana. Ndiyo, mimi nilienda hija kwa ajili ya wali.

Tosamaganga si mbali na mjini. Ni misheni ya zamani, iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1919 wakaja Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia, shirika lililoanzishwa na padri Giuseppe Allamano. Huyu ndiye aliyetangazwa mtakatifu Roma tarehe 20 Oktoba 2024. Imani ya wengi wetu hapa Iringa imepita mikononi mwa watoto wake wa kiroho.

Baada ya Misa, sista mmoja mzee alitukalisha chini ya mti akatusimulia habari za dada yao, Sista Irene. Mimi mawazo yalikuwa jikoni. Ila alipofika kwenye habari ya maji, nilisahau wali. Niliporudi nilianza kutafuta na kusoma habari zake zote nilizoweza kupata. Hizi hapa.

Binti wa Anfo

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia. Alibatizwa Aurelia, lakini nyumbani walimwita Mercede. Ni kijiji cha milimani kando ya ziwa, na nikifikiria milima ile naona milima yetu ya Mbeya, na baridi yake. Alikuwa mtoto wa tano kati ya watoto kumi na wawili. Mama yake alifariki mwaka 1907, naye Mercede akiwa na miaka kumi na mitano, na wadogo zake wakabaki mikononi mwake. Kwa hiyo msimfikirie kama binti aliyekimbilia utawani kwa kuogopa kazi. Kazi alikuwa ameishaijua.

Mwaka 1911 alikwenda Torino kujiunga na Masista wa Consolata, ambao Allamano alikuwa amewaanzisha mwaka mmoja tu nyuma, yaani 1910. Shirika lilikuwa changa kabisa, halina jina wala mali. Alipewa jina jipya, Irene, lenye maana ya amani. Tarehe 29 Januari 1914 aliweka nadhiri zake za kwanza, na mwisho wa mwaka huohuo alipanda meli kuja Afrika. Januari 1915 alishuka Mombasa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Jamani, ishirini na mitatu! Umri ambao mimi nilikuwa nafunga mlango ili harufu ya maharage isitoke.

Jina lake lilikuwa Amani, na alifika katikati ya vita.

Mahospitali ya wapagazi

Hapa historia yake inaingia nchini kwetu. Waingereza na Wajerumani walipigana katika ardhi yetu kuanzia 1914 hadi 1918. Hata huku Nyanda za Juu Kusini vita ilipita: majeshi ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland, yakapita Tukuyu, na Iringa ikatekwa Agosti 1916. Barabara hazikuwepo na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Basi mizigo ikabebwa na vichwa vya Waafrika. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, na jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho.

Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na chakula kibaya. Walipewa unga ambao tumbo halikuuzoea, na mara nyingi hapakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Fikiria mtu amebeba mahindi ya jeshi siku nzima kichwani, na yeye mwenyewe anakufa njaa.

Sista Irene alipelekwa kuwahudumia katika mahospitali ya jeshi, kwanza Voi nchini Kenya, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali ni jina tu. Zilikuwa safu za mabanda, wagonjwa wamelala chini, harufu haielezeki, dawa haba. Aliwaosha vidonda. Aliwalisha kwa mkono wale walioshindwa kushika kijiko. Aliwaombea maji na uji kwa wakubwa wa kambi, na alidharauliwa mara nyingi, lakini hakuacha kurudi. Walioomba ubatizo aliwafundisha na kuwabatiza, wengi wao saa chache kabla ya kufa.

Husimuliwa kwamba huko Kilwa alimkosa mgonjwa mmoja kitandani, akaambiwa amekufa na amepelekwa pwani pamoja na maiti wengine. Alikwenda pwani. Akaanza kuwagusa mmoja mmoja, hadi akamkuta mtu wake akiwa bado anapumua chini ya wafu. Alikaa naye mpaka mwisho.

Niseme ukweli wangu hapa. Nilipofika sehemu hii nilikasirika kidogo. Nilikuwa nasoma ili nijue namna Mungu anavyowalisha watu wake, na hapa watu wake wanakufa kwa maelfu, wana mpishi mmoja wa mbinguni na sista mmoja mwenye bakuli. Riziki ilikuwa wapi? Sina jibu la kufunga mjadala. Ila niliona kitu kimoja. Mgonjwa wa Kilwa hakupata miaka mingine ya kuishi. Alipata mtu aliyemtafuta kwa jina lake. Jeshi lilikuwa limemfuta kwenye hesabu, Mungu hakumfuta, na Mungu alipotaka kumwambia hivyo alituma miguu ya binti wa Anfo. Yesu mwenyewe msalabani hakushushwa. Alipewa mama yake na rafiki mmoja wasimame pale. Wakati mwingine mkate wa siku ni huo.

Nyaatha wa Gikondi

Baada ya vita, mwaka 1920, alipelekwa Gikondi, katika nchi ya Wakikuyu, Kenya, na alikaa huko hadi kufa kwake. Alifundisha shule, alifundisha katekisimu, alisaidia akina mama kujifungua, alitembelea wagonjwa. Alitembea sana, kupanda na kushuka vilima, kwa viatu vizito vikubwa vya kiume. Viatu hivyo vilipata umaarufu hadi vikaingia kwenye jina la kitabu kinachosimulia maisha yake. Watu walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma.

Kitu kimoja kitawagusa ninyi mnaosoma hapa mkiwa mbali na nyumbani. Vijana wengi wa Gikondi walikuwa wanaondoka kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Wazazi hawakujua kusoma wala kuandika. Sista Irene ndiye aliyekuwa mwandishi wao. Aliandika barua kwa niaba ya mama na baba, habari za mbuzi, za shamba, za ndoa, halafu mwishoni anaongeza maneno yake machache: usiache kusali, usiache Misa. Leo tungesema alikuwa admini wa grupu la familia. Kijana yuko peke yake mjini, anapata barua yenye harufu ya nyumbani, na ndani yake kuna chakula cha roho.

Nguvu alizitoa wapi? Allamano aliwafundisha wana wake kwamba kwanza wawe watakatifu, ndipo wawe wamisionari, na kwamba kiini cha nyumba yao ni Ekaristi. Irene alilishika hilo kikwelikweli. Siku yake ilianzia mbele ya Yesu wa Ekaristi. Alipokea mkate ule asubuhi, akatoka nao vilimani siku nzima. Mimi nilikuwa nakomunika kila Jumapili na kurudi kufunga mlango. Yeye alikomunika akaenda kufungua milango ya watu.

Mwaka 1930

Septemba 1930, wakati wa mafungo ya kiroho, alimwomba mkuu wake ruhusa ya kumtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya utume. Mkuu hakutaka mwanzoni, baadaye akakubali.

Mwezi uliofuata tauni ikaingia Gikondi. Mwalimu mmoja akaugua. Inasimuliwa kwamba mwalimu huyo hakuwa rafiki yake, na alikuwa amemsema vibaya. Sista Irene alikwenda kumhudumia, akamshika mikononi hadi alipokata roho. Akarudi nyumbani na homa. Tarehe 31 Oktoba 1930 akafariki, akiwa na miaka thelathini na tisa. Watu wa Gikondi walisema si ugonjwa uliomuua, ni upendo.

Maji ya Nipepe

Sasa ile habari iliyonifanya nisahau wali.

Januari 1989, Msumbiji, vita ya wenyewe kwa wenyewe. Katika parokia ya Nipepe, mkoa wa Niassa, ng'ambo ya mto Ruvuma, makatekista walikuwa wamekusanyika kwa mafunzo. Waasi wakashambulia. Watu zaidi ya mia mbili, wakiwemo wanawake na watoto, wakakimbilia kanisani wakajifungia humo, risasi zikilia nje. Wakakaa siku kadhaa. Ni msimu wa joto. Chakula kidogo, na maji hakuna, isipokuwa lita chache zilizokuwa ndani ya kisima cha ubatizo, gogo la mti lililochongwa.

Walisali wakimwomba Sista Irene awaombee kwa Mungu. Na wakaanza kugawana maji yale. Wakanywa. Kesho yake wakanywa tena. Mama mmoja alijifungua humohumo kanisani, na mtoto wa kike akaoshwa kwa maji hayohayo, akaitwa Irene. Maji hayakuisha hadi walipotoka.

Kanisa lilichunguza jambo hilo kwa miaka, likahoji mashahidi, na Juni 2014 Baba Mtakatifu Fransisko akalikubali kuwa muujiza. Tarehe 23 Mei 2015, huko Nyeri, Sista Irene akatangazwa Mwenyeheri. Aliyeongoza adhimisho hilo kwa niaba ya Papa alikuwa Kardinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, mwana wa Sumbawanga, jirani zetu kabisa wa Mbeya.

Sista mzee aliposimulia hayo, vijana wote walishangilia muujiza. Mimi niliwaza ile siku ya kwanza. Hakuna aliyejua kwamba maji hayataisha. Mtu wa kwanza kunywa alijua tu kwamba ni machache. Mtu mwenye nguvu angeweza kuyakalia. Angeweza kupiga hesabu kama zangu: tukiwa watu kumi, yatafika Jumapili. Wao wakayapitisha kwa kila mmoja, hadi kwa mtoto aliyekuwa na saa moja duniani. Yale maji yaliongezeka yakiwa yanagawanywa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mjane wa Sarepta: alimpa Eliya mkate kwanza, ndipo pipa la unga likakataa kwisha. Na mana ya jangwani, aliyeificha kwa ajili ya kesho aliikuta imeoza.

Nilivyorudi nyumbani

Jioni ile nilirudi na wali wangu kwenye kontena, maana nilishindwa kuumaliza. Nikasimama mlangoni kwa mdogo wangu. Niliona aibu kubisha. Nikabisha.

Hakuniuliza nilikuwa wapi siku zote zile. Alisema shikamoo dada, akajaribu kukaa. Nikampa wali, kesho yake nikampikia uji, tukaenda zahanati. Ilikuwa malaria. Akatumia dawa, akapona.

Na unga wangu je? Msitegemee muujiza. Uliisha Jumanne, hata ile Jumatano ya hesabu zangu haukuifikia. Nilikung'uta mfuko, nikakaa kitandani nikiwaza. Kumbe wasichana wa vyumba vingine walikuwa wameniona nikipita na uji. Jioni mmoja akaja na mchele kidogo, mwingine na dagaa, mwingine hakuwa na kitu ila alikuwa na mkaa. Mama mwenye nyumba alipoona sufuria moja watu watano, akatuletea kisado cha viazi. Tulipika pamoja siku tisa, hadi bumu lilipoingia. Sijawahi kula vizuri vile tangu nimekuja Iringa, na sijawahi kusali sala ya chakula nikiwa namaanisha kila neno kama siku zile.

Wote tulikuwa na kitu. Kila mmoja alikuwa amekificha nyuma ya mlango wake akimwomba Mungu amlishe.

Ndiyo maana niliwaeleza dhambi yangu. Tunapomwomba Baba mkate wa kila siku, tunasema utupe sisi. Mimi nilikuwa nasali kwa wingi na kupika kwa umoja. Mungu alikuwa ameishamjibu yule mdogo wangu, jibu lilikuwa chumbani kwangu, na mimi nilikuwa nimeliziba kwa kanga.

Ya kutafakari wiki hii

Nani yuko ukuta kwa ukuta na wewe, na unamsikia akikohoa?

Komunyo unayopokea Jumapili, Jumatatu inakupeleka kwa nani?

Kama ni wewe unayelala njaa leo, umemwambia mtu yeyote, au unaona aibu? Bisha mlango. Kuomba msaada si kukosa imani.

Tusali:

Ee Yesu, uliye mkate wa uzima, ulimlisha Mwenyeheri Irene kwa mwili wako, ukamfanya naye awe chakula cha wenye njaa. Utulishe na sisi. Utuondolee hofu ya kesho inayotufanya tufunge milango leo. Uwakumbuke wapagazi waliolala Kilwa na Lindi bila majina, wewe unawajua. Na kwa maombezi ya mtumishi wako Irene, kidogo tulicho nacho kiwatoshe wengi. Amina.

Tarehe 31 Oktoba mkumbukeni katika sala zenu.

Tumsifu Yesu Kristo!